Châtelet au République? Jibu kwa mama anayekwenda Paris na valizi mbili

Swali: "Mimi ni mama wa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Binti yangu amejifungua. Anakaa Montreuil, pembeni ya Paris, karibu na stesheni ya Croix de Chavaux, laini ya 9 ya metro. Nitatua uwanja wa Charles-de-Gaulle asubuhi mapema nikiwa na valizi mbili za kilo 23, na magoti yangu hayataki ngazi. Binti hawezi kuja kunipokea kwa sababu ya mtoto, na mume wake anaingia kazini alfajiri. Jirani aliyewahi kukaa Paris anasema nibadilishie treni Châtelet, maana laini zote zinapita hapo. Mkwe wangu anasema République. Nimsikilize nani? Nikishapumzika ninataka pia kufika Château Rouge kutafuta chakula cha kwetu, Saint-Denis kwa shemeji, na kisha Rennes kwa mdogo wangu, ambako treni inaondokea Montparnasse."

Mama, hongera sana kwa mjukuu! Wote wawili wamekuambia jambo la kweli, ila hakuna aliyefikiria magoti yako. Ramani ya metro huchora kila stesheni ya kubadilishia kama duara jeupe, na mtu akiliangalia anadhani akishuka hapo amekwisha kubadilisha. Huko chini ya ardhi mambo ni mengine. Duara moja ni ngazi za umeme mara moja na umefika. Duara lingine ni korido inayopinda, ngazi za saruji za kushuka, korido tena, halafu ngazi za kupanda, na ukutani hakuna lifti. Kwa hiyo idadi ya laini zinazokutana isikuvutie. Ulizia mambo mawili tu: nitatembea kiasi gani, na nitabeba valizi kwenye ngazi mara ngapi.

Hili unalijua tangu nyumbani. Soko la Kenya lina taxi-bus za kila upande, lakini mtu mwenye mzigo hatapenda kubadilishia pale saa kumi na moja jioni kama kuna mahali patulivu mbele kidogo ambapo gari lile lile linapita.

Sasa tumwangalie jirani. Kuna Châtelet mbili, na hapo ndipo wageni wengi wanapochoka. Ya kwanza inaitwa Châtelet tu, nayo ni ya metro: laini za 1, 4, 7, 11 na 14. Ya pili inaitwa Châtelet–Les Halles, nayo ni ya RER, zile treni kubwa zinazounganisha Paris na miji ya pembeni: A, B na D. Zimeunganishwa na njia za chini, na kwenye vibao zinaonekana kama stesheni moja, lakini zina tabia tofauti kabisa. Ile ya metro imetawanyika. Laini za 7 na 11 ziko upande wa mto Seine, laini za 1, 4 na 14 ziko upande wa pili, na katikati kuna korido ndefu iliyowekewa mkeka wa umeme wa kubeba watu, kwa sababu waliona abiria wanateseka. Mtu mwenye valizi mbili sitamshauri aingie huko hata kama ramani inamwita.

Ile ya RER ni jambo jingine. Pale zamani palikuwa na soko kuu la chakula la Paris. Mwaka 1969 soko lilihamishiwa Rungis, likabaki shimo kubwa, na stesheni ikajengwa ndani yake na kufunguliwa 1977. Waliojenga walikuwa na nafasi, wakalaza reli zote 7 zikiwa sambamba, usawa mmoja. Kwa hiyo kutoka RER B kwenda RER A unapanda ngazi za umeme mpaka kwenye ukumbi, unatafuta herufi A, unashuka tena kwa ngazi za umeme. Watu ni wengi mno, sikufichi, lakini umati hauumizi magoti kama ngazi.

Basi njia ninayokupangia wewe ni hii. Ukitoka kwenye ndege na kuchukua mizigo, fuata vibao vya RER B. Tiketi ya uwanja wa ndege ni ya peke yake na bei yake ni moja popote unapokwenda katika mkoa wa Paris kwa RER na metro. Mwaka 2025 ilikuwa euro 13. Tiketi ya kawaida ya metro, ambayo mwaka huo ilikuwa euro 2.50, haikubaliki kwenye uwanja wa ndege, hata mtu akikuambia inapita. Ukishaipata, iweke mahali ambapo mkono wako unafika bila kufungua mkoba wote, kwa sababu utaigusisha kwenye mashine si wakati wa kuingia tu. Kwenye RER vizuizi vinakungoja wakati wa kutoka pia.

Stesheni ya Terminal 2 ndiyo mwanzo wa laini, kwa hiyo treni inafika tupu na utapata kiti. Kaa, valizi ziwe mbele ya magoti yako, usiziache karibu na mlango: wezi wa mifukoni wanaipenda laini hii kwa sababu wanajua imejaa watu waliochoka na safari. Treni nyingine husimama kila stesheni, nyingine hupita moja kwa moja mpaka Gare du Nord. Zote ni zako. Mkifika Gare du Nord utaona nusu ya treni inashuka. Wewe usishuke. Stesheni inayofuata ndiyo Châtelet–Les Halles.

Pale fuata rangi nyekundu na herufi A, upande wa mashariki. Vibao vitataja Boissy-Saint-Léger au Marne-la-Vallée–Chessy. Matawi hayo mawili yanaachana baada ya Nation, kwa hiyo ingia ile itakayotangulia. Kuna faida moja hapa ambayo jirani hakukutajia: asubuhi umati wa RER A unakimbilia magharibi, kwenye maofisi ya La Défense. Wewe unakwenda mashariki. Itasimama Gare de Lyon, kisha Nation, na hapo unashuka.

Nation ndipo penye kazi. Unatoka kwenye RER kwenda laini ya 9, ambayo ni metro ya zamani, na lazima utegemee kutembea na kukutana na ngazi za kawaida. Ndiyo maana nakuomba umwambie binti yako hivi: kama kuna ndugu au rafiki mmoja mwenye saa moja ya kukusaidia, asije uwanja wa ndege. Aje akungoje Nation. Watu wengi hutuma mpokezi mahali ambapo msafiri hahitaji msaada, kisha wanamwacha peke yake mwenye ngazi. Na kama hakuna mtu kabisa, pandia lifti au ngazi za umeme za RER mpaka nje, uchukue taksi kutoka Nation. Umbali uliobaki ni mfupi. Taksi ya kutoka uwanja wa ndege wenyewe ina bei iliyopangwa kwa wanaokwenda ndani ya Paris tu. Montreuil iko nje ya mpaka huo, kwa hiyo mita itahesabu, na asubuhi kwenye foleni ya magari itahesabu sana.

Ukiingia laini ya 9, mwelekeo ni Mairie de Montreuil. Hesabu: Buzenval, Maraîchers, Porte de Montreuil, Robespierre, halafu yako, Croix de Chavaux. Ukisikia Mairie de Montreuil, ndiyo mwisho wa reli, umepitiliza stesheni moja.

Mkwe wako naye hajakosea. Yeye anawaza Gare du Nord, laini ya 5, kisha République na laini ya 9. Kwa kijana mwenye begi mgongoni hiyo ni njia nzuri na ya haraka. Lakini République inakutanisha laini 5 (3, 5, 8, 9 na 11), na korido zake ni za stesheni iliyokuwa ikiongezwa laini juu ya laini kwa miaka mingi. Kama itabidi uipite njia hiyo, baki kwenye laini ya 5 stesheni moja zaidi, ushukie Oberkampf. Pale zinakutana laini mbili tu, ya 5 na ya 9, hakuna pa kupotelea. Ishike hii kama njia ya akiba, maana RER B na RER D zinatumia mtaro mmoja wa chini kati ya Gare du Nord na Châtelet. Treni moja ikiharibika mle ndani, laini zote mbili zinasimama. Ukisikia matangazo ya namna hiyo ukiwa Gare du Nord, usikae kungoja: shuka, fuata namba 5 mwelekeo wa Place d'Italie.

Tuje kwenye Château Rouge, ambako nina hakika utakwenda kabla hata ya wiki kuisha. Hapa njia ni rahisi: laini ya 9 kutoka nyumbani, mwelekeo wa Pont de Sèvres, unashukia Strasbourg–Saint-Denis, stesheni moja baada ya République, unachukua laini ya 4 mwelekeo wa Porte de Clignancourt. Utapita Château d'Eau, ambako utaona saluni za kusuka zimepangana, kisha Gare de l'Est, Gare du Nord, Barbès, na hapo Château Rouge. Laini ya 4 sasa haina dereva, treni zinajiendesha, na zinafuatana kwa karibu, kwa hiyo ikijaa acha ipite. Juu, kwenye mtaa wa Dejean na mitaa inayouzunguka, utapata sombe, samaki wa kukausha, unga wa bukari, mambo yote ambayo binti yako anayaota tangu ujauzito. Nenda siku ya katikati ya wiki, asubuhi baada ya saa nne. Jumamosi mchana ile stesheni ni msongamano wa watu na mifuko, na kuna kupanda kwingi.

Hapo kwenye mitaa ya laini ya 9 kuna siri nyingine ndogo. Kutoka République mpaka Richelieu–Drouot, laini za 8 na 9 zinafuata barabara moja na kusimama stesheni zile zile. Kwa hiyo siku ukitaka kuhamia laini ya 8, huna haja ya République. Bonne Nouvelle na Grands Boulevards ni stesheni tulivu, na laini hizo mbili ziko pale pale, moja juu ya nyingine.

Kwa Saint-Denis, kwanza mwulize shemeji anakaa upande gani, kwa sababu mji ule una stesheni kadhaa na zinatofautiana sana. Njia inayoonekana kwenye ramani ni laini ya 9 mpaka Miromesnil, halafu laini ya 13. Miromesnil yenyewe ni stesheni nzuri ya kubadilishia, ndogo, laini mbili tu. Shida ni laini ya 13: inajaa vibaya sana, na baada ya La Fourche inagawanyika, tawi moja Saint-Denis, lingine Asnières na Gennevilliers. Lazima usome mbele ya treni kabla ya kuingia. Mimi kwa magoti yako ningechagua kuzunguka: laini ya 9 mpaka Nation, RER A stesheni moja tu mpaka Gare de Lyon, kisha laini ya 14 mpaka mwisho, Saint-Denis–Pleyel. Laini ya 14 ilifunguliwa mwaka 1998 na kila stesheni yake ina lifti. Ilirefushwa mwezi wa 6 mwaka 2024, upande mmoja mpaka Pleyel, upande wa pili mpaka uwanja wa ndege wa Orly. Na pale Gare de Lyon, ukiwa unangoja, tazama ng'ambo ya kioo: kuna bustani ya mimea ya nchi za joto, imepandwa chini ya ardhi kando ya jukwaa. Mjukuu akikua utamwonyesha. Kama shemeji yuko karibu na basilika, Pleyel ni mbali kidogo, na hapo bora avumilie yeye kuja kukuchukua.

Montparnasse nataka tuichambue kwa utulivu, maana ndiyo stesheni inayowachosha wengi zaidi kuliko zote. Duara moja kwenye ramani, laini nne: 4, 6, 12 na 13. Lakini hizo zilikuwa stesheni mbili zenye majina mawili, Montparnasse na Bienvenüe. Laini ya 12 ilijengwa na kampuni iliyoitwa Nord-Sud, mshindani wa kampuni ya metro, na ilifunguliwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika mji wetu, enzi za Élisabethville. Stesheni hizo mbili ziliunganishwa kuwa moja mwaka 1942 tu. Matokeo yake unayatembea mpaka leo: laini za 4 na 12 ziko upande mmoja, laini za 6 na 13 upande mwingine, na kati yao kuna korido yenye mkeka wa umeme wa mita 185. Mwaka 2002 waliwahi kuweka pale mkeka wa kwenda mbio, watu wakawa wanaanguka, wakaupunguza kasi, na mwishowe wakauondoa.

Jina Bienvenüe ni la mhandisi Fulgence Bienvenüe, aliyesimamia ujenzi wa metro tangu laini ya kwanza ya mwaka 1900, naye alikuwa na mkono mmoja, wa pili aliupoteza kwenye ajali ya ujenzi wa reli. Ninamheshimu kwa sababu ya stesheni nyingine, Opéra. Pale alijua mapema kwamba laini tatu, 3, 7 na 8, zitapishana chini ya uwanja mmoja, akajenga nafasi za zote tatu kwa pamoja, moja juu ya nyingine, ingawa treni ya laini ya 8 ilikuja kupita miaka kadhaa baadaye. Abiria wa leo wanabadilisha kwa kupanda au kushuka tu. Stesheni ikifikiriwa kabla, miguu ya watu inapona kwa zaidi ya miaka mia. Zikiunganishwa baadaye kwa kutoboa kuta, miguu inalipa.

Treni za kwenda Rennes zinaondokea upande wa laini za 6 na 13. Kwa hiyo usifuate ushauri wa kupitia Strasbourg–Saint-Denis na laini ya 4, hata programu ya simu ikikuonyesha kwamba ni dakika chache pungufu; utashushwa upande usio wako na kukutana na ile korido. Nenda Nation, uchukue laini ya 6. Inaanzia hapo, kwa hiyo kiti kipo. Sehemu kubwa inapita juu, nje, na baada ya Bercy utavuka mto Seine ukiwa umekaa. Stesheni ni nyingi zaidi, lakini unazihesabu ukiwa kitini, na ukishuka uko upande wa treni zako.

Na kwa kuwa umeshakuwa mtu wa Paris, jua pia kwamba laini ya 4 na laini ya 6 zinakutana tena Raspail, na vilevile Denfert-Rochereau. Laini ya 6 na laini ya 12 zinakutana tena Pasteur. Mwenye kubadilisha kati ya hizo hana sababu yoyote ya kupita Montparnasse, ila mazoea. Vivyo hivyo kati ya laini ya 1 na ya 7: Palais Royal badala ya Châtelet. Kati ya laini ya 1 na ya 11: Hôtel de Ville. Kati ya laini ya 4 na ya 7: Gare de l'Est. Ukiangalia ramani kwa makini, karibu kila fundo kubwa lina ndugu yake mdogo stesheni moja au mbili kando yake.

Jambo la vibao. Ukishuka, fuata neno Correspondance na namba ya laini yako. Ukifuata Sortie utajikuta barabarani. Na programu kama Citymapper itakuambia ukae behewa la mbele, la katikati au la nyuma ili mlango ufunguke karibu na njia ya kubadilishia. Mwambie binti akuandikie hilo kwenye karatasi kwa kila safari. Kwenye treni ndefu, kukaa behewa lisilo lako ni kutembea jukwaa zima kabla hata ya kuanza korido.

Siku ya kurudi, kama ndege ni ya usiku, ondoka Montreuil kabla ya saa tisa alasiri. Kama ni ya asubuhi, kumbuka kwamba RER A kutoka Nation kwenda Châtelet ndiyo upande wenye umati kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu, kwa hiyo tangulia mapema. Ukiwa kwenye jukwaa la RER B usiingie treni kwa sababu tu imefika. Upande wa kaskazini laini inagawanyika Aulnay-sous-Bois: nyingine zinakwenda uwanja wa ndege, nyingine Mitry–Claye. Soma ubao uone Aéroport Charles-de-Gaulle na uhakikishe. Ukigundua umeingia ya Mitry, usitoke jasho. Shuka Aulnay, ungoje ya uwanja wa ndege pale pale.